Intaneti moja, kompyuta mbili, ruta hakuna: ununue nini?

Kama intaneti inaingia kwenye kompyuta moja tu, iwe kwa modemu ya USB au simu uliyoichomeka kwa waya, na pembeni kuna mashine nyingine haina kitu, usikimbilie ruta kwanza. Angalia, zote mbili zina waifai? Kama ndiyo, na yenye intaneti inatumia Windows 10 au 11, usinunue chochote, ingia kwenye mipangilio uwashe hotspoti, inabeba mpaka vifaa 8. Shida ni pale moja inapokuwa desktopu ya zamani isiyo na waifai, na steshenari nyingi ndo zilivyo.

Hapo namba moja ni waya wa LAN (ule wa mtandao, wa kuunganisha kompyuta na kompyuta), tena kwa mbali sana. Daraja la Cat5e linatosha kabisa, linapitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100 na wewe unatafuta mita 2 au 3 za kutoka meza hii hadi ile, kwahiyo muuzaji akikubembeleza uchukue Cat7, daraja la juu zaidi, mwambie asante. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye ganda la waya, ukiona CCA hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ukiikunjakunja inakatikia ndani kwa ndani, omba ya shaba tupu. Na kama unakatiwa kwa mita na kubaniwa vichwa palepale, kama wanavyofanya Kariakoo, usiondoke kabla fundi hajaweka kwenye testa ukaona taa zinawaka zote kuanzia 1 mpaka 8, maana nyuzi 4 zikifa waya bado unaweza kushika ila kwa megabiti 100 na hutojua kwanini mafaili yanatambaa. Waya wa krosi (ule ambao nyuzi zake zimepishanishwa upande mmoja) wala usiuulizie, kadi za mtandao za gigabiti zinajipanga zenyewe.

Kuunganisha ni hivi: kwenye mashine yenye intaneti bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, bofya kulia ule muunganisho wenye intaneti, fungua Properties, nenda Sharing, weka tiki. Ile ya pili iache ijichukulie anwani yenyewe. Ikipata inayoanza na 192.168.137 kazi imeisha, ikionyesha 169.254 bado haijapewa kitu, rudi kwenye mashine yenye intaneti, toa tiki urudishe, hii inatokea sana baada ya kuzima na kuwasha mashine.

Namba mbili, adapta ya USB kwenda LAN, kwa wenye laptopu nyembamba zisizo na tundu la LAN (waya bado utauhitaji). Kwa bando la simu hata ya USB 2 yenye megabiti 100 inakutosha, ila kama mnarushiana mafaili makubwa ongeza hela kidogo uchukue ya USB 3 ya gigabiti.

Namba tatu, adapta ya waifai ya USB, uichomeke kwenye desktopu. Inafaa kama mashine ziko vyumba tofauti na hutaki waya sakafuni. Hakikisha ina 5GHz, zile ndogondogo za bei chee ni 2.4GHz tu na kwenye nyumba za kupanga masafa hayo yamejaa waifai za majirani.

Usinunue kabisa waya wa kawaida wa USB wenye kichwa kilekile pande zote ukadhani utaunganisha kompyuta mbili, kila upande unasukuma volti 5 na unaweza kuunguza poti. Swichi ya mtandao (kile kisanduku chenye matundu mengi ya LAN) nayo iache, yenyewe haigawi anwani, inakuja kuwa na maana ukifikisha kompyuta 3, ile yenye intaneti inagawa na swichi inasambaza.

Kitu kingine muhimu sana, Windows ikiona waya wa LAN inadhani intaneti haina kikomo, inaanza kujishushia masasisho na bando linakatika mchana kweupe. Kwenye ile kompyuta ya pili fungua mipangilio ya Ethernet (ndo huo waya wa LAN) uwashe Metered connection, yaani intaneti ya kupimwa, siku hiyohiyo unayounganisha.