Nililipia mboga za shamba Hombolo, nikaletewa za kwenye tenga

Jamani naandika hii bado nina hasira kwa hiyo mnivumilie. Mtu akikufuata hapa Dodoma akakwambia lipia mboga za msimu mzima mapema uwe unaletewa kikapu kila Jumamosi kutoka shambani, kataa. Au ngojeni nieleze kwanza, maana kuna mzee hana kosa hapa na sitaki kumharibia.

Mi nakaa Kisasa. Kabla ya Nanenane hivi, mwenzangu wa kazini akaniunga kwenye grupu la wasapu la kijana anayemkusanyia wateja mzee mmoja mwenye shamba upande wa Hombolo. Mpango ni kwamba mnalipa mwanzoni, mkulima anapata hela ya mbegu na dizeli ya pampu bila kukopa, na nyie kila wiki mnagawana kile shamba lilichotoa, likitoa vingi mnakula vingi, likikwama mnakwama wote. Kijana alitueleza vizuri kabisa, kwamba Wajapani walikuwa wanafanya hivi tangu miaka ya 1970 na Wamarekani wakaanza 1986. Nikaupenda ule moyo. Nikatoa laki na ishirini ya wiki kumi na mbili.

Na wiki za mwanzo, kusema ukweli, sijawahi kula mboga kama zile hapa mjini. Mnafu umechumwa alfajiri, majani ya maboga, bamia changa zinazovunjika ukizigusa tu, na siku moja kifuko cha mlenda mkavu wa mke wa mzee. Mama mkwe wangu ni Mgogo wa Mvumi, huwa hasifii mapishi ya mtu, siku ile aliomba aongezwe ugali. Majengo na Sabasaba naendaga miaka yote, mchicha ukifika nyumbani jioni umeshanyauka. Huu wa mzee ulikuwa unakaa siku ya pili bado umesimama.

Sasa Jumamosi moja nafungua kikapu nakuta kabichi, karoti na nyanya. Nikashtuka. Lile shamba nimelitembelea kwa miguu yangu, nimepita tuta kwa tuta, hakuna karoti pale wala kabichi. Alafu nyanya zina nyasi kavu zimeng'ang'ania kwenye vikonyo, zile nyasi wanazotandika kwenye tenga ili zisichubuke njiani. Mzee mboga zake zinakuja kwenye ndoo, tenga limeingiaje?

Nikampigia kijana, nikamsalimia vizuri tu, nikamuuliza kaka mboga za leo zimetoka wapi. Akanijibu, "Dada we si unataka kula? Kwani nyanya ina kitambulisho?" Nikamwambia siulizi kwa ubaya. Akakata simu. Nikaandika kwenye grupu kwa adabu kabisa, nikaweka na picha ya zile nyasi, haikufika dakika kumi kaniremuvu. Mtu mzima nimelipa hela yangu natolewa kama mwizi! Nilitetemeka, usiku ule hata kula sikula.

Wiki iliyofuata nikapanda gari la Hombolo mwenyewe. Nikamkuta mzee amekaa chini ya mti, shikamoo babu, marahaba mwanangu, akaniangalia usoni akaanza yeye kuomba msamaha kabla sijasema kitu. Pampu imekufa. Matuta yamepasuka, mchicha umekauka kama karatasi, na kwetu huku mvua mpaka Desemba. Alishamwambia kijana awatangazie watu kwamba mboga hakuna mpaka fundi aje.

Hapo ndo nilipoumia kabisa. Pampu kufa ni kitu gani? Mi siku nalipa nilishakubali kwamba shamba likikwama nakwama nalo, ndo maana nilitoa hela kabla sijaona hata jani. Wangesema hakuna mboga wiki mbili ningesema pole babu, na hela ya spea ningechanga. Kabichi naijua inapouzwa. Labda kijana aliogopa watu watadai warudishiwe, naweza kumwelewa hapo, lakini woga gani unaokufanya umtukane mtu na kumtoa? Hapana, siwezi kumtetea.

Kwa hiyo lile nililosema mwanzo nalifuta. Jiungeni, tena lipeni mapema, ila kwa mkulima ambaye mmeshafika kwake na namba yake mnayo. Huyo wa katikati akikataa kuwapeleka shambani ondokeni.

Babu alinipigia juzi, pampu imepona na mchicha umeanza kutoka. Nimebakiza wiki tano na nazitaka zote. Jumamosi naenda na ndoo yangu, na wale wa kwenye grupu walionifuata inboksi kuuliza kulikoni nimewaambia gari linapoondokea.