Vitafunwa vya begini kwa kijana mwanamichezo Dodoma: kipi kinunuliwe kwanza

Mwanafunzi wa sekondari anayecheza mpira, netiboli au riadha hapa Dodoma anatoka nyumbani saa 12 asubuhi, na mazoezi yanaanza saa 10 jioni. Kitafunwa chake kinashinda begini kutwa nzima, ndani ya darasa lililoezekwa bati. Kwa hiyo kabla hujauliza kina vitamini gani, uliza kitakuwa na hali gani saa 9 na nusu alasiri. Chokoleti itakuwa imeyeyuka, mtindi umeshaumuka, na chapati ya mayai imekuwa hatari kwa tumbo. Mpangilio huu unaanza na kigezo hicho, halafu unaangalia mwili unapata nini, na mwisho mfuko wa mzazi.

Muda wa kula nao unaamua cha kununua. Vyakula vya mafuta hukawia tumboni, ndiyo maana anayekula maandazi akaingia uwanjani papo hapo anashikwa na kichomi au kichefuchefu. Ndani ya saa moja kabla ya mazoezi anahitaji wanga mwepesi: ndizi, zabibu kavu, tende mbili tatu. Zikiwa zimebaki saa mbili au zaidi, karanga hazina shida. Akimaliza, kijana wa kilo 50 hadi 60 anatakiwa apate wanga wa gramu 50 hivi na protini ya gramu 15 hadi 20, na kama chakula cha usiku kitachelewa, kitafunwa ndicho kibebe kazi hiyo.

Nafasi ya kwanza: karanga na zabibu kavu

Hakuna kinachozishinda kwa uvumilivu. Gramu 30 za karanga, yaani kiganja kimoja, zina protini ya gramu 7 hivi na kalori zinazokaribia 170. Gramu 30 za zabibu kavu zinaongeza wanga wa zaidi ya gramu 20. Haziyeyuki, hazivuji, na mkoa wenyewe unalima vyote viwili.

Tatizo la karanga ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kuvu wanaoitengeneza hushambulia karanga vilevile. Kukaanga hakuiondoi. Kwa hiyo kazi yote inafanyika sokoni, kabla hujatoa hela.

Mwombe muuzaji achote kutoka katikati ya gunia, siyo zile za juu alizopanga zipendeze, na azimwage kwenye sinia. Ziache zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, zenye madoa meusi au ukungu wa kijani. Kisha pasua tano sita katikati kwa kucha: kuvu hupenda kujificha kati ya vipande viwili vya punje, huku nje ikionekana safi kabisa. Punje iliyokauka sawasawa hukatika kwa mlio, na ukisugua ganda lake jekundu linatoka. Inayopinda ina unyevu. Ukitafuna ukasikia uchungu, tema. Ukikuta uchungu kwenye punje mbili kati ya kumi, hama meza.

Uliza pia zilibanguliwaje. Wanaobangua kwa mkono wakati mwingine huzilowesha kwanza ili ganda lilainike, na maji hayo ndiyo yanayokaribisha kuvu baadaye. Zilizobanguliwa kwa mashine zikiwa kavu ni bora zaidi. Zenye maganda yake ni bora kuliko zote, kama nyumbani kuna mikono ya kubangua.

Karanga za pakiti ndogo za stendi na madukani zinakuja baada ya hizo, kwa sababu huwezi kuzichambua na mara nyingi chumvi imezidi. Ukitaka kujua kama unapunjwa, weka pakiti kumi kwenye mzani wa muuza unga, ulinganishe na bei ya kilo ya karanga mbichi. Siagi ya karanga inahitaji tahadhari zaidi: zikishasagwa, punje mbovu haionekani tena. Inunue kwa mtengenezaji mwenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na viungo kwenye lebo viwe karanga na chumvi, basi. Mafuta kuelea juu ya kopo siyo ubovu. Koroga tu.

Zilizo mbichi kaanga kwenye sufuria pana, moto wa wastani, ukikoroga bila kuacha kwa dakika 12 hadi 15. Ziepue zikiwa bado hazijafika rangi unayoitaka, maana joto lake linaendelea kuziivisha zikiwa kwenye sinia. Usizifungie zikiwa na uvuguvugu. Mvuke utageuka maji ndani ya kopo, na baada ya siku chache zitalegea.

Zabibu mbichi huvunwa mara mbili kwa mwaka huku kwetu, lakini kavu hupatikana wakati wote. Za hapa mara nyingi zina mbegu, jambo ambalo vijana hulalamikia. Za kutoka nje hazina, ila zina bei. Onja moja polepole. Ukisikia mchanga, zilianikwa chini, na kuosha hakutausafisha wote kwenye mikunjo. Zinazonata vidoleni kwa utamu pengine zimeongezwa sukari. Changanya na karanga asubuhi ya siku ya kubeba, siyo mwanzoni mwa wiki, kwa kuwa unyevu wa zabibu huzilegeza karanga.

Angalizo moja: wako watoto wenye mzio wa karanga, na timu hula kwa kugawana. Kocha aulize mapema.

Ya pili: ndizi mbivu

Kwa nusu saa kabla ya mechi, ndizi inazipita karanga. Moja ya wastani ina wanga wa gramu 27 hivi na haisumbui tumbo. Za kisukari ni ndogo, hesabu mbili. Adui yake ni daftari: begini inapondeka na kulowesha kila kitu, kwa hiyo ipewe kopo la plastiki lenye mfuniko. Nunua zenye ncha za kijani kidogo ili zikufikishe katikati ya wiki, na usizifunge kwenye mfuko wa nailoni.

Ya tatu: maziwa ya pakiti yasiyohitaji friji

Haya ni ya baada ya mazoezi. Mililita 250 zina protini ya gramu 8 hivi. Ukiweka na kiganja cha karanga na ndizi mbili, umefikisha wanga na protini vilivyotajwa hapo juu. Soma maandishi ya mbele. "Kinywaji chenye ladha ya maziwa" siyo maziwa. Pakiti iliyovimba iachwe dukani, na ikishafunguliwa inywewe yote.

Viazi vitamu na mayai: vizuri, kwa masharti

Viazi vitamu kutoka Gairo vinafaa sana kwa mechi ya Jumamosi asubuhi. Chagua vyembamba vinavyolingana ili viive pamoja, vichemshe na maganda, viache vipoe kabisa kabla ya kufunga kwa kitambaa safi. Kikifungwa cha moto kwenye nailoni, mchana kinateleza na kunuka. Vya rangi ya chungwa vinaongeza vitamini A.

Yai lina protini ya gramu 6, liwe la kienyeji au la kisasa, kwa hiyo usilipie zaidi ukidhani la kienyeji lina nguvu. Lichemshwe dakika 10 hadi 12, libebwe na ganda lake na liliwe ndani ya saa mbili. Kwenye jua kali, ndani ya saa moja. Hilo linalifanya liwe la asubuhi tu. Mayai yaliyomenywa na kupasuliwa tayari, na kachumbari juu, yapite.

Ubuyu, kashata, bisi

Ubuyu mweupe usiopakwa kitu una vitamini C, ambayo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye karanga na ulezi. Kwa wasichana walioanza hedhi hilo lina uzito, na ni sababu ya kutokunywa chai ya rangi pamoja na kitafunwa, kwani chai inazuia. Ubuyu mwekundu unaobaki ulimini siku nzima ni sukari na rangi. Kashata inunuliwe kama karanga zinaonekana nyingi kuliko sukari. Bisi zisizo na siagi zinajaza mdomo kuliko tumbo.

Visivyofaa kununuliwa

Krispi ni mafuta na chumvi. Soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 35 hadi 40, na akiinywa kabla ya kukimbia atabeua uwanja mzima. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, na makopo mengi yenyewe yameandikwa kwamba hayafai kwa watoto. Maandishi ni madogo, lakini yapo.

Badala yake, upepo mkavu wa Dodoma unahitaji maji. Jasho hukauka kabla kijana hajaliona, akadhani hajapoteza kitu. Abebe lita moja na nusu, anywe mafunda kadhaa kila dakika 15 hadi 20. Mazoezi yakizidi saa moja kwenye jua, lita moja ya maji safi itiwe sukari vijiko vitano vya chakula vilivyosawazishwa, chumvi robo kijiko cha chai na ndimu. Chumvi ikizidi hapo, atarudi na chupa imejaa.

Kwa siku tano za mazoezi nunua karanga robo kilo, ili baada ya kuchambua zibaki zaidi ya gramu 150, zabibu kavu gramu 150, ndizi tano za kabla na pakiti tano za maziwa. Siku ya mazoezi mazito ongeza ndizi mbili za baada.