Nguzo ya usumba kwa monstera: uzoefu wangu

Kama monstera yako, ule mmea wa ndani wa majani makubwa yenye matundu, inatoa majani madogo yasiyo na tundu hata moja, na shina linatambaa kuelekea mlangoni, usikimbilie mbolea. Ipe kwanza kitu cha kupanda. Mimi niliinunulia yangu nguzo ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, kwa wauza miche wa kando ya Barabara ya Bagamoyo, hapa Dar es Salaam. Nimekaa nayo tangu kaskazi ilipoanza kuvuma mpaka masika yakaisha, kwa hiyo naweza kuisemea.

Ni bomba la plastiki la mita 1 lililozungushiwa usumba na kukazwa kwa uzi wa nailoni. Nililipa shilingi 15,000 na sioni kama niliibiwa. Ni kazi ya mkono na usumba haujapukutika. Kinachonikera ni kitako. Bomba limekatwa tu, halina kitu cha kulishika chungani, na mmea ukishakuwa mzito juu linayumba. Ilibidi nilitoboe kwa chini, nipitishe vijiti viwili vilivyopishana, ndipo nifukie. Fundi angeweza kufanya hivyo mwenyewe, tena bila gharama ya maana.

Sasa chumvi, na hapa naomba usome taratibu. Nilimuuliza muuzaji usumba umetoka wapi, akanijibu, "Huu wa Unguja, dada." Unguja makumbi hufukiwa kwenye mchanga wa ufukweni, bahari ikapanda na kushuka juu yake kwa miezi, hadi yalainike na kupondwa. Kwa kamba, hiyo chumvi haina neno. Kwa mizizi ya monstera ina neno kubwa: chumvi ikizidi, ncha za majani hukauka na kuwa za kahawia. Kwa hiyo niliilaza nguzo nzima kwenye beseni la maji ya mvua. Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya chai ya mkandaa. Nikamwaga, nikarudia, mpaka yakatoka meupe na ulimi ukawa hausikii chumvi. Kama nyumbani mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, usiyatumie kwa kazi hii.

Asili ya Monstera deliciosa ni misitu ya kusini mwa Meksiko hadi Panama. Huko huanzia chini kwenye kivuli, kisha hupanda miti mikubwa kwa mizizi inayochomoza kwenye vifundo vya shina. Kadiri inavyopanda ndivyo majani yanavyopanuka na kuchanika. Ukiiacha itambae sakafuni, inachelewa kutoka utotoni.

Yangu ilikuwa na mzizi mmoja mgumu wa kahawia ukining'inia hewani. Niliuelekeza kwenye usumba uliolowa, nikaushikiza kwa ukanda wa kanga kuukuu. Ncha ikageuka nyeupe, ikatoa vimizizi vya pembeni vyenye vinyweleo, vikajisokota ndani ya nyuzi. Sasa hivi ukiuvuta hauachii. Jani lililofuata lilikunjuka likiwa limechanika pembeni, na baadaye likaja lenye vitundu vidogo sambamba na mshipa wa kati. Nilifurahi sana, nakiri, nikawaita wote wa nyumbani waje kuona.

Wakati wa kufunga, funga shina. Vikonyo vya majani viache huru, maana hugeuka kuufuata mwanga. Ukivibana, mmea unakaa shaghalabaghala.

Nguzo hii haimfai mtu asiye na muda. Ikikauka, mizizi haiingii. Kipindi cha kaskazi, na feni ikizunguka kutwa, ilikuwa inakauka upesi, nikawa naimwagia kila asubuhi kutoka juu, polepole, maji yateremke na nyuzi. Lakini kumbuka maji hayo yanaishia chungani. Usimwagilie tena chini bila kuchomeka kidole kwenye udongo. Mizizi ikikaa kwenye matope inaoza, na majani ya chini yanaanza kugeuka manjano. Udongo wangu nimeuchanganya na vipande vya mkaa na pumba za mpunga zilizochomwa, na chungu kina matundu. Kinakaa karibu na dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi, kwa sababu jua kali la mchana linaunguza majani.

Wenye watoto wadogo au paka, wekeni mbali. Majani na shina vina chembechembe za kalisiamu oksaleti. Anayetafuna mdomo unamwaka na kuvimba.

Je, ningenunua tena? Ndiyo, na nimeshaagiza nyingine, maana ncha ya mmea imeipita hii. Safari hii nataka ya mita 1.5, na nimemwambia fundi wazi kwamba isipokuwa na vijiti vya msalaba kwenye kitako siichukui.