Uzoefu wangu na REAPER: leseni inayomfuata mtu, si mashine

Kazi yangu ni kurekodi kwaya, matangazo ya redio na mahojiano. Nina kompyuta ya mezani studio, nina laptopu ninayobeba nikienda makanisani na kumbini, na wapo wateja ambao hawataki sauti zao zitoke ofisini kwao, kwa hiyo inabidi nikae kwenye kompyuta yao. Ndiyo maana kabla ya kulipia programu yoyote nauliza kwanza: nitaruhusiwa kuiweka kwenye mashine ngapi, na mashine ikifa itakuwaje?

Katika zote nilizowahi kulipia, REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ndiyo iliyonipa jibu lililoniridhisha. Inatengenezwa na Cockos, kampuni ya Justin Frankel wa Marekani, yule yule aliyeanzisha Winamp, programu ya kusikilizia muziki kwenye kompyuta. Ukishalipa unatumiwa faili dogo la leseni kwa imeli. Unafungua programu, unaionyesha faili lilipo, na hapo umemaliza. Haitaki uingie kwenye akaunti, wala haiulizi ruhusa kwa seva iliyo ng'ambo kila unapoiwasha. Masharti yanasema mwenye leseni anaweza kuiweka kwenye kompyuta kadhaa, mradi asitumie zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Leseni hiyo hiyo inakubalika kwenye Windows, macOS na Linux.

Anayetaka kujua kwa nini jambo hili nalishikilia sana, asikie yaliyonipata kwa plagini (programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu kubwa) ya kusafisha kelele niliyonunua kwa kampuni nyingine. Leseni yake ilikuwa ya kompyuta mbili, nami nilikuwa nazo mbili. Siku moja umeme ulikatika, uliporudi ukaja na nguvu kubwa mno, mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta ya studio, ikaungua. Fundi akanitafutia nyingine ya mtumba, tukaweka Windows upya. Kasha ni lile lile, diski ile ile, meza ile ile, lakini plagini ikakataa: eti hii ni kompyuta ya tatu.

Programu za aina hii hazimtambui mwenye mali. Zinasoma alama za vifaa vilivyomo ndani, kama mazabodi, diski na kadi ya mtandao, na kuzifanya kuwa kitambulisho cha mashine. Ukibadilisha kifaa kikubwa, kitambulisho kinabadilika. Ili kuifuta ile ya zamani kwenye hesabu yao, nilitakiwa kuifungua plagini ndani ya kompyuta ya zamani na kubonyeza kitufe cha kujiondoa. Ndani ya kompyuta iliyokwisha kuungua! Nikaandikia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza lilikuwa la mashine, lililofuata likadai risiti, na wakati wote huo kwaya ilikuwa inasubiri nyimbo zake za Pasaka.

Najua hoja ya kampuni: bila kikomo, mtu mmoja atanunua na mtaa mzima utatumia. Ni hoja ya kweli, na wenye programu wana haki ya kulipwa. Lakini tazama nani anaumia. Anayetumia kreki, yaani nakala ya wizi iliyovunjwa ulinzi wake, hakutani kabisa na hesabu ya mashine, kwa sababu kreki imeshaiondoa. Anayezuiwa mlangoni ni yule aliyelipa. Na kwetu, ambako wengi tunanunua kompyuta zilizotumika na umeme una tabia zake, kubadilisha mazabodi au diski ni jambo la kawaida kabisa.

Si kampuni zote zinabana kwa kiwango kimoja. Ableton Live, ya kutengenezea muziki, inakupa kompyuta mbili. Adobe Creative Cloud, mkusanyiko wa programu za picha, video na sauti, nayo ni mbili, lakini unaweza kuiondoa mashine ya zamani kupitia akaunti yako hata kama haiwaki tena, na hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. FL Studio, nayo ya kutengenezea muziki, ambayo maprodyuza wengi wa Bongo Flava wanaijua vizuri, inaruhusu kompyuta zako zote, na matoleo mapya unapata bure maisha yote. Kwa anayetengeneza biti ningemwambia aanze huko.

Bei ya REAPER ni dola 60 kwa matumizi binafsi, au kwa biashara ambayo mapato yake hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. Ukizidi hapo ni dola 225. Programu ni ile ile, hakuna kilichofichwa kwa mwenye leseni ya bei nafuu. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili. Toleo la 7 lilitoka 2023, na aliyenunua leseni ya toleo hilo anaendelea kupata matoleo mapya hadi 8.99 bila kuongeza senti. Nililipa kwa kadi pepe ya simu, ikapita.

Kitu kingine ninachokipenda: wakati wa kuiweka unaweza kuchagua iwekwe kwenye flashi pamoja na mipangilio yako. Kwa mteja nachomeka flashi, nafanya kazi, nachomoa. Kompyuta yake inabaki kama nilivyoikuta.

Kasoro zipo. Haiji na maktaba ya sauti za ala za muziki, hivyo ngoma na vinanda utavitafuta mwenyewe. Sura yake ni kavu, na menyu ni nyingi mno kwa mgeni. Tena uhuru wa leseni yake hauzihusu plagini za kampuni nyingine. Kila moja inakuja na masharti yake, na kazi ukiifungua kwenye kompyuta isiyo na plagini hizo, utaambiwa hazipo. Ninachofanya ni kuzigeuza njia (traki) zenye plagini hizo kuwa sauti ya kawaida kabla ya kuhamisha kazi.

Ukitaka kununua programu yoyote yenye kikomo cha mashine, waandikie wauzaji kabla ya kulipa: je, naweza kuiondoa kompyuta iliyokufa bila kuiwasha? Je, naweza kuisajili sehemu isiyo na intaneti? Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, tafuta nyingine.

Ile plagini sikuinunua tena ilipotoka mpya. Kwa mngurumo wa feni na jenereta sasa natumia ReaFIR, iliyomo ndani ya REAPER: unaisikilizisha kipande chenye kelele tupu, kisha inaipunguza kelele hiyo kwenye rekodi nzima. Haisafishi vizuri kama ile niliyoiacha, na kwenye sauti nyembamba za soprano lazima uitumie kwa uangalifu, lakini inafunguka kwenye kila kompyuta ninayokalia.