Pini moja imeniokolea printa: kigeuzi cha FT232RL

Haya wadau, sogeeni muone hii risiti. Huku juu iko safi: sukari, unga, mafuta ya kula. Shuka mpaka hapa nilipoweka kidole. Sabuni imekatika katikati, mistari imeruka, halafu jumla imechapwa kana kwamba hakuna kilichotokea! Wiki mbili nimehangaika, nimebadilisha waya, nimebadilisha hata adapta ya umeme. Kumbe tatizo ni kigeuzi changu, kile kinachounganisha USB ya kompyuta na printa, chenye pini nne tu: VCC na GND za umeme, TX ya kutuma na RX ya kupokea.

Sasa ninacho hiki, chenye chipu ya FT232RL. Taa, tundu la USB, hivyo mnavijua, tuviache. Hesabuni pini za mbele: DTR, RX, TX, VCC, CTS, GND. Hiyo ya tano, CTS, yaani "ruhusa ya kutuma", ndiyo iliyonifanya niwashe kamera usiku huu.

Nimeweka spidi ya biti 19200 kwa sekunde. Kila herufi inabeba biti 10: moja ya kuanzia, 8 za data, moja ya kumalizia. Kwa hiyo ni herufi 1,920 kwa sekunde. Risiti ya mistari 200, herufi 32 kila mstari, inamaliza kutumwa ndani ya sekunde 4. Printa yangu inaichapa kwa zaidi ya sekunde 10! Bafa yake, yaani kumbukumbu ndogo ya kusubirishia data, ikijaa, kinachofuata kinamwagika. Ni konda anagonga bodi, dereva hasikii, abiria wanapitilizwa kituo.

Tuunge. DTR ya printa, pini inayosema kama iko tayari kupokea, inakwenda kwenye CTS ya kigeuzi, waya mmoja tu, huu wa njano. Mita naiweka hapo hapo. Inasoma karibu na sifuri, maana yake "leta". Natuma... angalia mita! Imepanda volti 3.3: "subiri". Kompyuta imenyamaza, printa inaendelea kuchapa. Imeshuka, "leta". Imepanda tena. Jamani, vinasikilizana! Na mstari wa 200 huu hapa, sabuni ipo na bei yake.

Ila kwenye programu lazima uwashe RTS/CTS, yaani uiambie kompyuta itii pini hiyo; kwa Python ni rtscts=True. Usipowasha, huo waya ni pambo.

Na msiseme naichukia CH340, chipu ya kile kigeuzi changu cha pini nne. Chipu yenyewe ina mguu wa CTS, ni aliyetengeneza bodi ile ya kwangu ndiye hakuutoa nje. Wengine mtaniambia XON/XOFF, ile njia ya kutuma "subiri" na "leta" ndani ya data yenyewe, haihitaji waya wa ziada. Kweli, baiti 19 inasimamisha, 17 inaruhusu. Lakini hamisha faili la picha kwa njia hiyo: 19 ikijitokeza katikati ya data, upande wa pili unadhani umeambiwa usimame.

Bei? Nimelipa zaidi ya mara mbili ya kile cha pini nne. Dukani niliona ghali, sasa hivi ningelipa tena. Ila kuwa makini na chipu bandia: mwaka 2014 draiva ya FTDI, kampuni yenye chipu hii ya FT232RL, kwenye Windows ilizibadilisha namba ya utambulisho ikawa 0, vifaa vya watu vikaacha kutambulika.

Wiki ijayo tunaingia RS-485, njia nyingine ya kutuma data kwa waya, ile inayofika mita 1,200. Kwa sasa karatasi bado ipo, ngoja niirushie mistari 500 tuone.