Redio ndogo ya mfukoni: kabla hujalipa, fungua kifuniko cha betri

Mwezi wa nne nilimnunulia mama redio ndogo Kariakoo, elfu 18 baada ya kuvutana sana na muuzaji, nikampelekea Muheza. Wiki tatu hazijaisha mama ananipigia, "mwanangu, redio yako imenuna." Kumbe ndani nzima haina shida yoyote, ni kile kiulimi cha plastiki kinachoshikilia kifuniko cha betri ndo kimekatika, basi betri zinacheza, ukiiweka mezani inaongea ukiinyanyua inakata. Nilivyoenda nikaikuta imefungwa na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Redio ya wiki tatu jamani!

Niliposimulia hii habari nikajua siko peke yangu, kuna dada wa Lindi ya kwake kaifunga na selotepu, mwingine anakunja karatasi ya sigara anaichomeka kwenye springi ili betri ziguse. Na ukikumbuka vizuri, nyumba ngapi umeona redio imefungwa rababendi? Watu wanaangalia sauti, wanaangalia taa, wanaangalia sehemu ya memori kadi, hakuna anayegeuza redio akaangalia mgongoni.

Na msiniambie redio ya nini wakati simu ipo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima, siku ile mi habari nilizipata kwenye redio. Simu nyingine za sasa hazina FM kabisa na nyingi zenye nayo zinataka uchomeke waya wa masikioni ndo uwe antena. Mama yangu waya masikioni hataki, anataka aiweke dirishani asikilize taarifa ya habari ya saa mbili usiku huku anachambua mchele, bando haimhusu, na umeme ukikatika wala hashtuki.

Sasa kifuniko. Fungua na ufunge mara tano palepale dukani. Kikilia "tak" kila mara, sawa. Kikiingia kimya kimya kama kinateleza, rudisha. Angalia kiulimi, kikiwa chembamba kama ukucha hakifiki mwaka. Halafu springi, zibonyeze na kidole, zinatakiwa zirudi kwa nguvu, na ziwe zinang'aa, maana sisi wa pwani chumvi inakula chuma haraka na betri za bei rahisi zikivuja ndo zinamalizia kabisa (ukikaa siku nyingi bila kusikiliza, toa betri).

Sasa redio za kununua. Kwangu namba moja ni Panasonic RF-P50, na sifichi kwamba nina mapenzi na hawa watu. Nyumbani kwetu tulikua na redio ya National, ni kampuni ileile, Matsushita, walikuwa na kiwanda hapa hapa Dar wakitoa betri na redio. Hii RF-P50 ni FM na AM basi, haina madoido, inakula betri mbili ndogo zile za saa ya ukutani ambazo hata duka la Mangi kijijini unazipata. Ya kwangu nimeshafungua kifuniko sijui mara ngapi na bado kinalia tak.

Ya pili Sony ICF-P26, ndogo, inaingia mfuko wa shati, inatumia betri moja tu. Shida yake ni kuipata ya kweli, maana mitaani yamejaa maredio yenye majina yanayofanana fanana, herufi moja imegeuzwa, na muuzaji anakukazia macho anakwambia "dada hiyo ni orijino". Soma jina herufi kwa herufi.

Ya tatu Tecsun R-9012, kama uko mbali na minara ya FM au unapenda masafa mafupi, ina bendi 12, kumi kati yake ni masafa mafupi. Mfuko wa shati haiingii lakini kwenye mkoba iko sawa, nayo ni betri mbili zilezile.

Zile za kuchaji zenye tochi na flashi, kama pesa ndo hiyo nunua, ila hakikisha betri inatoka na ni ile BL-5C ya simu za Nokia za zamani. Ikiwa imegandishwa ndani achana nayo.

Na redio used za Japani, mashine nzuri kweli ila nyingi za zamani FM yao inaanzia 76 inaishia 90, na huku kwetu stesheni zinafika hadi 108. Utasikiliza mbili tatu basi, kama wale wenye magari yaliyotoka Japani.

Kinachoniuma ni hawa wauzaji. Ukisema nifungulie boksi nijaribu, ananuna, betri hana, ukija na zako anawasha stesheni moja yenye nguvu ambayo Kariakoo hata ukiwa na msumari inashika, anazima anasema unaona? Bei nayo inategemea umevaa nini. Nilivyorudi na ile ya mama akaniambia "kifuniko hakina waranti". Nikamwomba basi aniuzie kifuniko peke yake, akacheka. Nimezunguka kwa mafundi wanne, spika wanayo, antena wanayo mpaka za rangi, kifuniko hakuna hata mmoja, wote wananiambia nunua redio nyingine. Elfu 18 nyingine kwa kiplastiki kisichozidi vidole viwili!

Mama nimempelekea ile Panasonic yangu. Mi nimebaki na hii ya mpira wa baiskeli mpaka mwisho wa mwezi.