Rashasha ya Kijapani Type 11: risasi tamu, mafuta kero

Type 11, kazi ya Kijiro Nambu iliyoingia katika jeshi la Japani mwaka 1922, haina mkanda wala magazini. Ubavuni kushoto ina sanduku la wazi linalolaza klipu (vibanio vya chuma vinavyoshika risasi) 6 za risasi 5 kila moja, zilezile za bunduki ya kawaida ya askari wa miguu, Type 38. Nia ilikuwa nzuri: yeyote kikosini angeweza kuilisha. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) kule Burma mwaka 1944 walikuwa wakielekezewa rashasha za Kijapani. Leo kuna watu Marekani wanaolipa wazifyatue. Huko raia huuziana zile tu zilizosajiliwa kabla ya Mei 19, 1986, na ndiyo maana bei yake haishikiki.

Kuijaza ni rahisi. Inua mkono wa springi, panga klipu zikiwa zimelala, ncha za risasi zikitazama mbele, kisha ushushe mkono taratibu. Springi yake haina huruma na vidole. Klipu ya chini hutangulia kuliwa, na ikiisha hudondoka. Klipu iliyopinda midomo hung'ang'ania, kwa hiyo zichague kabla ya kuzitia, hasa zile za kuigiza zinazotengenezwa siku hizi.

Ubaya uko kwenye mafuta. Bolti, chuma kinachosukuma risasi ndani na kulitoa ganda, huvuta ganda kwa ghafla, bila kulilegeza kwanza, ndiyo sababu kuna kichombo kinachopaka kila risasi mafuta. Kikikauka, ganda hung'ang'ania ndani ya chemba, pale risasi inapolala ikifyatuliwa: ama ukingo wake unachanika, ama linakatika kiunoni na kuacha kipande ndani. Ukiyazidisha, unavuta moshi mtupu, na vumbi la kiwanjani linageuka tope kwenye njia ya risasi. Jeshi lenyewe liliishia kutoa risasi za baruti iliyopunguzwa, maboksi yakiwa na alama ya G. Kwa risasi mpya za 6.5x50 (kipimo cha risasi zake), kwa mfano za kampuni ya Norma, anza na tundu dogo la gesi ya baruti, ile inayosukuma bolti nyuma. Ongeza pale tu bolti inaposhindwa kurudi hadi mwisho. Wanaofungua gesi yote tangu mwanzo ndio wanaookota maganda yaliyochanika.

Ikikubali, ni raha tupu. Uzito wa kilo 10 na ushei pamoja na risasi ndogo ya milimita 6.5 vinaifanya itulie juu ya miguu yake miwili. Kasi ni kama risasi 500 kwa dakika, na haina risasi mojamoja, ila kidole chepesi hutoa tatu bila taabu. Kitako kimepindishwa kulia. Ni cha ajabu kukitazama, lakini shavu hukizoea upesi. Mtutu haubadilishwi haraka, kwa hiyo baada ya sanduku mbili tatu uache upoe.

Ikikwama, mtutu ubaki kwenye shabaha na usikimbilie kuchungulia, maana chemba ya moto inaweza kulipua risasi yenyewe. Subiri, toa klipu zote sandukuni, halafu uitafute ile risasi iliyokwisha kuingia kwenye njia. Hiyo ndiyo husahaulika.

Rashasha iliyoifuata, Type 96 ya mwaka 1936, ilileta magazini ya risasi 30 lakini haikuachana na mafuta. Type 99 ya milimita 7.7 ndiyo iliyoyaacha. Kama fedha zinatosha kukodi moja tu na shida yako ni kupiga shabaha, chukua Type 99. Type 11 ni ya mtu anayefurahia kutazama mashine ikila.